Daraja la pili kulala, Dar es Salaam hadi Kigoma: tathmini ya chumba cha vitanda sita

Treni ya abiria ya reli ya kati, ile ya zamani, haishindani na mtu kwa mwendo. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kilomita zipatazo 1,250, na msafiri hulala njiani mara mbili kabla hajaliona Ziwa Tanganyika, ilhali basi humfikisha mapema zaidi. Anayetaka kujua iwapo treni inawahi nimeshamjibu. Mimi nataka kukipima kitu kingine ambacho hununuliwa pamoja na tiketi ya daraja la pili kulala ingawa hakiandikwi juu yake, nacho ni watu watano usiowajua, ambao utakula nao, utalala nao na utawakabidhi mizigo yako kila utakapokwenda kunawa uso.

Chumba chenyewe kina vitanda sita, vitatu kila upande, kimoja juu ya kingine. Mchana kitanda cha kati hukunjwa ili kile cha chini kiwe benchi la wote, kwa hiyo aliyekata kitanda cha chini akidhani amepata bahati hugundua kuwa hana pa kujinyoosha mpaka wenzake waamue kulala. Wanawake hupangwa na wanawake na wanaume na wanaume, isipokuwa kama familia au kundi limenunua vitanda vyote sita. Magoti hukutana, mabegi hupandana, na mtu hawezi hata kumenya chungwa bila maganda yake kuwa jambo la chumba kizima.

Safari ninayoitathmini ilikuwa ya mwezi wa Julai. Tiketi yangu ilionyesha kitanda cha chini, lakini nilipofungua mlango nilimkuta mama mmoja wa makamo ameshakikalia, ndoo mbili zenye vifuniko zikiwa miguuni pake, na sura yake haikuwa ya mtu anayetarajia kuhama. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia kuwa mimi ni Mzaramo wa Kisarawe alipiga makofi kwa furaha na kuwageukia wenzetu. "Mmesikia? Mtani wangu huyu! Mzaramo tangu lini akalala chini mbele ya Mnyamwezi? Panda huko juu, ukacheze mdundiko wako!" Nikamjibu kwamba babu zake walikuja pwani kwa miguu na pembe za ndovu mabegani, kwa hiyo kupanda ngazi ya vipago vitatu kusingemshinda mjukuu wao. Chumba kizima kiliangua kicheko, na kwa kweli ni mimi niliyepanda juu. Kabla treni haijafika Pugu, wasichana wawili waliokuwa wakienda chuoni, bibi mmoja wa Uvinza na mama mwenye mtoto mchanga walikuwa wameshagawanyika, nusu wakinitetea na nusu wakinizomea.

Msomaji asiye na mtani atashangaa kwamba matusi ndiyo yaliyotukaribisha. Lakini njia hii ni ya zamani kuliko reli. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kwa sehemu kubwa walifuata mkondo wa misafara iliyokuwa ikitembea kati ya Ujiji, Tabora na pwani. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo huhusishwa na misafara hiyo, na ukiufikiria unaona mantiki yake. Mpagazi aliyefika ugenini akiwa ana njaa au homa alihitaji mtu ambaye angeweza kumchukulia chakula bila kuona haya, na akifa, mtu wa kumzika. Ndiyo maana hadi leo mtani ana kazi yake msibani. Sidai kwamba kila chumba cha treni kina watani. Nasema tu kwamba katika njia hii watu walishajua zamani namna ya kumfanya mgeni awe ndugu kabla jua halijazama.

Kosa la safari lilikuwa langu mwenyewe. Nilikuwa nimebeba kanga moja, kwa akili ya mtu wa pwani anayeamini kuwa joto la Dar es Salaam litamsindikiza hadi Kigoma. Baada ya Kilosa baridi ilianza kupenya, na kadiri tulivyokaribia Dodoma nilijikunja kitandani kama kamba aliyekaangwa. Mama Mnyamwezi alisimama gizani, akanitupia kitenge kizito bila kusema neno, kisha akahakikisha kuwa kipande cha ubao kinachozuia dirisha lisifunguliwe kutoka nje kiko mahali pake. Vituoni usiku wezi hupitisha mikono madirishani, na ulinzi wa ubao ule aliuchukua yeye bila kuombwa, akiamka kila treni iliposimama.

Kuhusu chakula, behewa la mgahawa lipo na chai yake ni ya moto, lakini mlo wa kweli wa safari hii hununuliwa dirishani. Saranda, katikati ya Dodoma na Manyoni, husifika kwa kuku, na treni inapopunguza mwendo utaona beseni vichwani zikikimbia sambamba na mabehewa. Nilinunua kuku wa kienyeji nikatoa noti ya shilingi 10,000. Dada aliyeniuzia hakuwa na chenji, akaenda kuitafuta kwa mwenzake, na treni ikaondoka. Nilishamsamehe moyoni, maana alikuwa na mkono mmoja tu wa kukimbilia, mwingine umeshika beseni. Baada ya kama dakika ishirini kijana mmoja wa daraja la tatu aligonga mlango, akauliza, "Dada wa kanga nyekundu, kuku wa Saranda, yumo humu?" Yule muuzaji alikuwa amezitupia noti zangu kwenye dirisha la behewa la nyuma, na zilikuwa zimesafiri mkono kwa mkono, mabehewa matatu, pamoja na maelezo ya kanga yangu. Zilikuwa shilingi 4,000 kamili. Kijana yule alikataa soda lakini alikubali paja la kuku.

Daraja la kwanza, lenye vitanda viwili tu kwa chumba, limepata sifa nyingi kwa watu wanaopenda utulivu, na sitawabishia. Niliwahi kulipanda. Nililala vizuri, nikasoma gazeti lote, nikafika Kigoma bila kulijua jina la mwenzangu. Daraja la pili nalo lina gharama yake. Mtoto mchanga alilia kutoka Itigi mpaka karibu na Tabora, na sote tulimpakata kwa zamu. Bibi wa Uvinza alitusimulia ugonjwa wa mguu wake kwa ukamilifu ambao haukuhitajika, na ukijifanya umelala anakugusa ili usipitwe. Anayetaka kuachwa peke yake na mawazo yake asikate tiketi hii, kwa sababu hapatikani mahali pa kuachwa.

Ningeipa safari hii nyota nne, na ile moja nimeinyima kwa ajili ya mgongo wangu, uliokariri kila kiungo cha reli. Anayekwenda abebe maji ya kutosha, blanketi, na chakula kinachogawanyika. Karanga na machungwa hufaa kuliko chipsi za mtu mmoja.

Tabora tulifika usiku, na hapo ndipo treni hukatwa, mabehewa mengine yakielekea Mwanza na mengine Kigoma. Mama Mnyamwezi alikuwa anashukia hapo. Nilimsaidia kuteremsha ndoo zake, kisha nikavua kitenge mabegani nimrudishie, kwa kuwa nilikuwa nacho tangu jana yake. Alikisukuma nyuma kwa viganja viwili. "Kaa nacho, Mzaramo, usije ukafa baridi nikakosa wa kumsema. Nitakuja kukidai msibani kwako." Nikamwambia ahakikishe anafika mapema, maana kwetu wanaochelewa hawapewi pilau. Alicheka mpaka akaiweka ndoo chini. Kichwa cha treni kilipopiga honi alikuwa bado amesimama chini ya taa ya kituo, akimweleza mbeba mizigo mmoja, kwa sauti iliyotufikia hadi dirishani, kwamba mle ndani kuna mwizi wa vitenge.