Mafunzo ya tabia salama kazini kwa viwanda vya samaki Mwanza: tathmini ya msimamizi wa zamu

Kiwanda ninachofanyia kazi kama msimamizi wa zamu hukata minofu ya sangara inayouzwa nje ya nchi, na mwaka huu uongozi uliikodi kampuni moja ya hapa Mwanza ituendeshee mafunzo ya tabia salama kazini. Kwa kuwa viwanda na maghala mengi ya Igogo, Nyakato na Ilemela yanaweza kuhitaji huduma ya aina hii, naeleza hapa kilichotufaa na kilichopungua, ili anayefikiria kuyalipia mafunzo haya ajue analipia nini.

Jambo la kwanza ninalolisifu ni kwamba mkufunzi hakuanzia darasani. Alifika zamu ya asubuhi ilipokuwa ikiingia, akavaa gambuti, aproni na kofia kama sisi, akasimama kwenye meza za kukatia minofu na kuuliza swali lile lile kwa kila aliyemkuta: "Samahani mama, hapa unapofanyia kazi, ni kitu gani kinachokutia hofu?" Majibu aliyoyapata yalikuwa yamekaa vinywani mwa watu kwa muda mrefu. Wakataji walimweleza kuwa kisu butu kinawatisha kuliko kisu kikali, kwa sababu kisu butu hutaka nguvu nyingi na huteleza kwenye ngozi ya samaki, lakini anayeondoka mezani kwenda kunoa hupitwa na wenzake kwa kilo, na malipo hufuata kilo. Walimweleza pia kuwa glavu za nyuzi za chuma zilinunuliwa za kipimo kimoja, kikubwa, hivyo wanawake wenye viganja vidogo, ambao ndio wengi mezani, huzivua kwa sababu zinawapwaya na kuwazuia kushika samaki vizuri. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiita jambo hilo ukaidi.

Mkufunzi aliyapeleka majibu hayo kwa meneja siku hiyo hiyo, na hapo ndipo thamani ya huduma hii ilipoonekana. Glavu za vipimo vitatu ziliagizwa, sehemu ya kunolea ililetwa karibu na meza, na muda wa kunoa ukaondolewa katika hesabu ya kilo. Tangu wakati huo sijalazimika kumkumbusha mkataji yeyote wa zamu yangu avae glavu. Meneja naye alikubali kutembea ndani ya mistari ya njano kwenye njia za forklifti kama mfanyakazi mwingine yeyote, na naamini hatua hiyo iliwagusa watu kuliko mabango yote yaliyobandikwa ukutani, kwa maana mtu wa chini hutazama kwanza miguu ya mkubwa wake inapita wapi.

Somo la amonia lilikuwa bora kuliko yote. Mitambo yetu ya kugandishia hutumia gesi hiyo, ambayo huyeyuka upesi katika maji, ndiyo maana hushambulia kwanza macho, koo na ngozi yenye jasho. Mkufunzi alitutoa nje, akatutaka tuuhisi upepo usoni, kisha akatuonyesha kasoro ambayo hatukuwahi kuifikiria: mchana upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na sehemu yetu ya kukusanyikia ilikuwa getini, upande wa nchi kavu, yaani kule kule ambako gesi ingepelekwa. Usiku hali hugeuka, upepo ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Sasa tuna sehemu mbili za kukusanyikia, na tumefanya zoezi la kuukata upepo kwa ubavu kwanza, kisha kuelekea unakotoka.

Nashukuru pia kwamba hakututisha kwa picha za majeruhi. Watu wa ziwa hili wanakumbuka kuzama kwa meli ya MV Bukoba mwaka 1996 na kwa kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018. Hofu tunayo ya kutosha, na mtu aliyetishwa hurudia mazoea yake mara hofu inapopoa.

Kasoro ninayoiona kuwa kubwa imo katika nadharia aliyotufundisha mchana. Alitumia piramidi ya Heinrich, yaani mchoro unaoweka ajali ndogo nyingi chini na kubwa chache juu. Heinrich ni Mmarekani wa kampuni ya bima aliyeandika mwaka 1931 kwamba asilimia 88 ya ajali husababishwa na matendo yasiyo salama ya watu. Hesabu hiyo imekosolewa sana, kwa kuwa ilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya taarifa za mabosi na madai ya bima, na wenye kuandika taarifa hizo walikuwa na kila sababu ya kumlaumu aliyeumia. Kilichotokea kwenye meza zetu asubuhi ile kilipingana nayo waziwazi, na ninasikitika kwamba mkufunzi mwenye jicho zuri namna ile alituachia kitabu chenye somo dhaifu kuliko kazi yake mwenyewe.

Kasoro nyingine ni ya mkataba. Zamu ya usiku haikufundishwa, ingawa ndiyo yenye upepo tofauti na usingizi mwingi. Vibarua wanaoshusha samaki kutoka kwenye maboti hawakualikwa, nao hutembea juu ya ubao uliolowa, wakiwa wamebeba mzigo, bila jaketi okozi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa watu mahali pake pa kazi, na kwangu mimi kibarua wa siku moja ni mtu kamili.

Ningewashauri wenye viwanda wainunue huduma hii, ingawa gharama yake si ndogo, kwa masharti haya: meneja ahudhurie mwenyewe, zamu zote na vibarua wote waingizwe kwenye mkataba kabla ya kusainiwa, na mkufunzi arudi baada ya miezi michache kukagua kama sehemu ya kunolea bado ipo karibu na meza au imerudishwa stoo.