Siku tatu na ddrescue: uzoefu wangu

Mimi hupiga video za harusi hapa Morogoro, na kosa langu nalikiri mapema: sendofu nzima ya binti wa watu ilikuwa kwenye eksteno (diski ya nje) moja tu ya TB 1. Kadi za kamera nilishazifuta. Jumatatu naichomeka, folda zinafunguka kwa kujivuta, nikinakili faili inafika katikati inaganda, mwisho Windows inaniuliza kama nataka kuifomati. Nikakataa.

Fundi wa kwanza alitaka kuipiga chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Umeme ukakatika kabla hajaanza, na sijawahi kufurahia mgao kiasi kile. Chkdsk hurekebisha kwa kuandika kwenye diski ileile, na diski inayokata roho haifai kuandikiwa chochote. Mdogo wangu anayesomea kompyuta ndiye aliyenizindua: "Kaka, usiiguse tena. Tuinakili nzima kwanza, halafu tuhangaike na nakala."

Alichokuja nacho ni GNU ddrescue, programu ya bure ya kunakili diski inayokufa. Tuliwasha laptop kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Tulipoteza muda kuitafuta, kumbe kwenye Ubuntu kifurushi chake kinaitwa gddrescue, ila amri unaandika ddrescue bila hiyo g ya mwanzo.

Ukinakili kwa njia ya kawaida, kompyuta ikikuta sekta mbovu (kipande kidogo cha diski kisichosomeka) inang'ang'ania palepale. ddrescue inaparuka, inachota kwanza palipo pazima, ndipo inarudi kuchokonoa makombo. Kila inapofika inaweka alama kwenye faili ndogo ya kumbukumbu, kwa hiyo ukiizima na kuiwasha inaendelea ilipoishia. Betri ya laptop yangu ilishakufa zamani na umeme ulikatika mara mbili, hatukurudia hata kidogo. Ila faili hiyo iwekeni kwenye diski mpya. Ukiiacha kwenye Ubuntu ya flashi, umeme ukienda nayo imeenda.

Diski ya kupokelea nusura ninunue ya TB 1, nikijua inatosha. Haitoshi: nakala kamili ya diski ya TB 1, ikiwa faili moja, haiingii kwenye diski ya ukubwa uleule iliyokwisha kufomatiwa, mfumo wa faili nao unakula nafasi yake. Nikachukua ya TB 2, na ikanisaidia kwa jambo jingine. Programu ni skrini nyeusi na maandishi tu, haina vitufe. Ukikosea kutaja ipi inasomwa na ipi inaandikwa, umejizika mwenyewe. Kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski zilizochomekwa, tulizitambua kwa ukubwa wake.

Mzunguko wa kwanza tuliweka -d -n (soma diski moja kwa moja, makombo yaache kwanza), ukamaliza sehemu kubwa ndani ya siku moja. Wa pili, -d -r3 (rudia pabovu mara tatu), ndio uliokula siku mbili kwa ajili ya vipande vidogo mno. Nilikuwa naamka usiku kuangalia namba kama mtu anayeuguza. Ziliishia asilimia 99.8.

Nakala ilipofunguka, folda zilikuwepo na majina yake. Klipu mbili ziligoma. Tukajaribu PhotoRec, programu ya kufufua faili zilizopotea, juu ya nakala hiyohiyo. Moja ikarudi, bila jina lake, namba tupu. Nakushauri PhotoRec iwe ya mwisho, maana ukianza nayo utaletewa maelfu ya faili zisizo na majina na utazipanga hadi Krismasi.

Kama diski yako inagonga tak-tak, au haizunguki kabisa, haya yote hayakuhusu. Huenda vichwa vya kusomea au mota vina shida, na kila ukiiwasha unaweza kuzidi kuikwaruza. Izime, umpelekee mwenye vifaa vya kazi hiyo, wala usikubali ifunguliwe kwenye meza yenye vumbi.

Klipu iliyopotea moja kwa moja ilikuwa ya hotuba ya mjomba, dakika 18. Video nilishaikabidhi, na mpaka leo hakuna aliyeiulizia.