Ngosi au Masoko? Nimelipia ziwa, nikaoneshwa ukungu

"Mama, kwa huo mwili, Ngosi utapaweza kweli?"

Mnaoniuliza mwende ziwa lipi huko Mbeya, Ngosi au Masoko, someni hilo kwanza, ya ziwa yatafuata. Niliambiwa hivyo pale Uyole, Mbeya, saa 2 asubuhi, mbele ya wanawake 13 wa kikoba changu na muuza maparachichi mmoja aliyeacha kabisa kuuza ili asikilize vizuri. Usiku kucha nimekaa kwenye basi tangu Mbezi, miguu imevimba kama mihogo ya Kibaha, mdomo sijausukutua, halafu katoto kananipima kwa macho kama ng'ombe wa mnada wa Pugu.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana hasira inanitangulia.

Kikoba chetu cha Tabata kikishagawana huwa tunabakiza kihela cha mtoko. Miaka yote ni Bagamoyo au Kigamboni: tunakula samaki, tunapiga picha na mawimbi, tunarudi na mchanga kwenye viatu. Safari hii mwenzetu mmoja, Mnyakyusa wa Tukuyu, akasema bahari tumeizoea, twendeni kwao tukaone maziwa ya milimani. Tatizo, yapo mawili na siku ya matembezi ni moja. Ijumaa tunapanda basi, Jumamosi tunatembea, Jumapili tunageuza, Jumatatu kila mtu yuko kwenye biashara yake. Ngosi au Masoko?

Ubishi ulijaza WhatsApp kama wiki mbili hivi. Mwalimu wetu mstaafu wa jiografia akatusomesha bila kuombwa, kwa sauti za dakika tano tano. Yote mawili ni mashimo ya volkano yaliyojaa maji, akasema, lakini msiyafananishe. Ngosi liko juu kwenye milima ya Uporoto, kingo zake mahali pa juu kabisa zinapita mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Gari linakuacha mwanzo wa msitu, kilichobaki ni miguu yako. Masoko, wengine huliita Kisiba, liko chini upande wa pili wa Tukuyu, mita mia nane na kitu tu, na gari linakuteremsha jirani na maji. Tena pembeni yake kuna boma la Wajerumani, na wenyeji wanasimulia kwamba Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowaelemea, Wajerumani walitosa sarafu na silaha zao humo ziwani. Mweka hazina wetu aliposikia neno sarafu akapigia Masoko kura palepale.

Kura zikaenda, Ngosi likashinda. Na niseme ukweli ambao pale Uyole hakuna aliyeujua: mimi nilipigia Masoko. Goti langu la kushoto nalijua mwenyewe.

Tukaenda kwa wakala mmoja ana ofisi Sinza, ghorofani, juu ya duka la mapazia. Jina silitaji, sitaki kesi. Ukutani palikuwa na tangazo lao kubwa la Ngosi: maji ya kijani yametulia chini kabisa, msitu umeyazunguka kama ukingo wa bakuli. Picha hiyohiyo walitutumia na kwenye simu. Ikumbukeni hiyo picha. Tukalipa kwa lipa namba, risiti ikaja, tukaambiwa kila kitu kimo: usafiri, chakula cha mchana, mwongozaji, kulala Tukuyu usiku mmoja.

Basi lenyewe sina neno nalo. Dereva alikuwa mstaarabu, Kitonga alipanda taratibu, na waliolala walilala. Mimi sikulala kwa sababu ya mtoto wa siti ya nyuma, lakini mtoto ni mtoto.

Uyole ndipo mambo yalipoharibika. Tunashuka, baridi inatupiga mpaka meno yanagongana, mratibu wao anatusubiri na magari mawili, Hiace na Noah. Ndiyo yuleyule kijana aliyetupokelea hela Sinza, yeye alitangulia siku moja. Anatangaza kwamba Hiace haitaweza ile njia ya vumbi ya kwenda mwanzo wa msitu wa Ngosi, kwa hiyo tugawane: Noah inakwenda Ngosi, Hiace inakwenda Masoko. Nani aende wapi? Yeye ndiye anachagua. Anatembea mbele yetu ananyoosha kidole, wewe huku, wewe kule. Akanifikia mimi, akasimama, akacheka kidogo kwa pua, akatoa lile neno.

Jamani, nina miaka 52. Nimezaa wanne, nimesimama Kariakoo miaka 20 nauza vitenge, nimebeba robota kichwani kabla huyo kijana hajazaliwa. Mwili wangu nimeupata kihalali. Na alianza na "shikamoo mama", ndiyo kinachoniuma zaidi: shikamoo mdomoni, dharau machoni. Shoga yangu wa miaka mingi alicheka. Baadaye tuliyamaliza, lakini alicheka.

Palepale goti likapona. Nilimsukuma binti mmoja mwembamba aliyekuwa amechaguliwa, nikamwambia nenda kaokote sarafu, nikaingia Noah.

Na kabla sijafika mlimani, kuna jambo moja linanichoma hadi leo. Barabara ni moja! Unatoka Uyole unashika njia ya Tukuyu, Ngosi unalikuta kwanza, upande wa kulia, Masoko liko mbele, ukishaipita Tukuyu. Wangepanga vizuri wote tungepanda mlima asubuhi, jioni tukaoshe miguu Masoko. Ndiyo, tungechoka. Lakini nani alituuliza kama tunataka kuchoka? Tulipowauliza Sinza kama mawili yanawezekana, tulijibiwa "haiwezekani mama, ratiba." Ratiba gani, ya nani?

Haya, mlima. Pale msituni tulikabidhiwa kwa kijana wa kijijini, na huyu ndiye mtu pekee katika safari nzima ninayempa nyota zote. Alinitazama mara moja, hakusema kitu, akaenda kunikatia fimbo ya mwanzi, akaipima urefu kwa bega langu, akaninyooshea kwa mikono miwili. "Mama tutakwenda mwendo wako." Basi. Wote wawili, huyu na yule wa Uyole, walimwona mwanamke yuleyule.

Njia mwanzoni ni ya kudanganya, unatembea tu kwenye kivuli, migomba pori mikubwa majani yake kama mikeka, ndege wanaita. Baadaye inainuka. Masika yalikuwa yamekwisha, lakini mlima hakuna aliyeupelekea taarifa: matope yanameza raba, mizizi imelala njiani kama nyoka, mianzi inadondosha maji shingoni. Sehemu ya mwisho si kutembea tena, ni kushika mizizi na kujivuta. Wenzangu walisema walitumia kama saa moja na nusu. Mimi sikutazama saa, na yeyote aliyetazama asiniambie. Nilikaa chini mara nyingi. Mara moja nililia kidogo, nikasingizia jasho. Kila nilipotaka kurudi nilisikia "kwa huo mwili", nikanyanyuka. Kwa hiyo ukitaka kujua kilichonifikisha juu ya Ngosi, si mazoezi.

Nikafika. Wale wenzangu wa Noah wamesimama kwenye ukingo wamenyamaza. Nikasogea, nikachungulia.

Nyeupe.

Hakuna ziwa. Hakuna ng'ambo. Ukungu umejaa ndani ya lile shimo kama uji kwenye sufuria, umefika mpaka miguuni petu. Kijana wa kijijini ananyoosha mkono, "Maji yako hapo chini, mama, kama mita 200 hivi," kwa unyonge, kana kwamba yeye ndiye aliyelificha. Akatusimulia kwamba wenyeji wanaamini ziwa lina nguvu zake, kwamba linabadilika rangi, leo kijani, kesho bluu, siku nyingine jeusi kabisa. Sisi tulipata jeupe. Tukangoja. Tulikuwa tumeahidiwa chakula cha mchana, chakula hakikupanda mlima, tukagawana karanga za mwalimu. Tukangoja tena. Upepo ulipita mara moja, ukungu ukasogea, tukaona mti mmoja. Tukaupiga picha mti.

Kuteremka sisimulii. Sketi yangu haifai tena.

Chini, yule mratibu yuko kwenye Noah, kiti amekilaza, redio imewashwa, suruali safi. Hakupanda hata hatua kumi. Akauliza, "Vipi mama, mlifurahia?" Dereva ndiye aliyeropoka kwamba mlima ulikuwa umefunikwa tangu alfajiri na kila mtu pale chini alijua. Hapo ndipo nilipoelewa kosa lenyewe hasa. Angeniambia Uyole, "Mama, leo juu kuna ukungu, hamtaona kitu, twendeni wote Masoko," ningemshukuru, na kura yangu ilikuwa hukohuko! Alichunguza mwili wangu, hali ya hewa hakuichunguza.

Usiku Tukuyu tukakutana na wa Masoko. Hao walikuwa wanang'aa. Wameketi kando ya maji, wamechovya miguu, wamekula ndizi na nyama, boma wameliona, wakaambiwa limekuwa likitumika kama mahakama. Mweka hazina hakupata sarafu ila alipata usingizi chini ya mti. Shoga yangu akaniuliza, "Haya, na nyie? Likoje?"

Nikasema, "Kubwa."

Si uongo, ni kubwa kweli. Lakini watoto wangu nao walikuwa wanauliza kwenye simu, majirani wanauliza, na mimi nilikuwa na picha ya mti. Nikafungua ile picha ya tangazo, nikaikata pembeni kuondoa nembo ya ofisi, nikaiweka profaili. Nikaandika, "Ngosi, nimefika. Mungu ni mwema." Hongera zilikuja mpaka saa sita usiku. Kaka yangu wa Tanga alinipigia.

Wiki iliyofuata, au ile nyingine, nikapanda ngazi za Sinza kudai. Nilikuwa nimejipanga. Nikasema: tumelipia ziwa, hatukuoneshwa ziwa, tumelipia chakula, hatukula, tumelipia heshima, tukatukanwa. Nataka nusu ya hela. Nani yuko mezani? Yuleyule. "Shikamoo mama." Hakukumbuka chochote alichonitamkia! Nilipomkumbusha alishangaa kwa dhati, akasema alikuwa ananijali. Halafu akachukua simu yake taratibu, akatafuta namba yangu, akanigeuzia kioo.

"Mama, ziwa si hili hapa? Mbona umeliweka profaili."

Kimya. Halafu akasogeza macho karibu. "Tena hii picha ni ya kwetu. Umekata nembo."

Dada wa kompyuta aliinama chini ya meza kana kwamba ameangusha kalamu.

Nilirudishiwa hela ya chakula cha mchana, elfu 8, kwa kichwa. Ya ukungu wakasema ni kazi ya Mungu. Ya heshima hawakuijibu.

Basi mnaoniuliza mwende wapi: Masoko. Kama una Jumamosi moja tu, una mama mtu mzima au watoto wadogo, unatokea Dar usiku bila kulala, nenda Masoko, gari litakufikisha, maji utayaona kwa macho yako. Ngosi liachie wenye siku mbili tatu za kulala jirani, ili mlima ukifunga leo ujaribu kesho, tena waende kiangazi.

Hapana, ngoja. Nikiandika hivyo nimempa yule kijana ushindi. Hata hivyo maneno yake hayakuwa ya ziwa, yalikuwa ya mwili, na mwili ulifika. Ile fimbo ya mwanzi nimerudi nayo kwenye basi, iko nyuma ya mlango, wajukuu wamekatazwa kuigusa. Kuna asubuhi naiona nasema nitarudi Ngosi, nitampigia kijana wa kijijini mwenyewe, bila wakala, na nitakaa pale juu mpaka lijifunue. Halafu nashuka kitandani, goti linanikumbusha Masoko.

Wakala: nyota moja, na hiyo ni ya dereva. Ziwa Ngosi siwezi kulipatia nyota, sijaliona. Profaili sijabadilisha.