Praima ya kupuliza kwa visanamu vya mezani: ipi ununue ukiwa Mwanza

Kopo la praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, ndilo litakaloamua kama kisanamu chako cha michezo ya vita ya mezani kitabaki na rangi au kitaanza kubanduka kwenye upanga na pembe za ngao baada ya michezo mitatu. Plastiki hainywi rangi kama mbao. Rangi za maji tunazopaka kwa brashi huteleza juu yake na kujikusanya matone. Praima huing'ata plastiki na kuacha uso mkavu, wenye ukwaru kidogo, ambao rangi inaushika.

Ninayoiweka ya kwanza ni praima ya kijivu ya magari. Kwa ubora mtupu si bora kuliko zote, lakini ukiishiwa Jumamosi unapata kopo jingine siku hiyohiyo kwenye maduka ya spea na rangi za magari mjini. Hakikisha kopo limeandikwa praima, na lisiwe la aina nzito ya kujazia mikwaruzo ya bodi, maana hiyo huziba macho, vidole na mikunjo ya nguo. Kisha lijaribu kwenye fremu ya plastiki iliyobaki baada ya kukata visanamu, kwa kuwa thina yake ikipulizwa karibu na kwa wingi huweza kuyeyusha plastiki.

Ya pili ni Tamiya Fine Surface Primer, na sambamba nayo Mr. Surfacer 1500. Hiyo 1500 inaeleza ulaini wake, kama namba za msasa: kadiri inavyopanda ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo. Uso wa kisanamu unabaki na kila mstari wake. Tatizo ni njia. Kopo la rangi lenye gesi inayowaka haliruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege, hata lile begi la chini, kwa hiyo usimtume ndugu anayerudi kutoka Ulaya.

Citadel na The Army Painter naziweka nafasi ya tatu, na ni kwa anayepaka jeshi zima. Makopo yao ya mililita 400 huja kwa rangi nyingi tofauti, hivyo praima yenyewe inakuwa rangi ya msingi na kukuokolea saa kadhaa. Kwa visanamu vitano, hakuna haja.

Vallejo Surface Primer ya chupa si ya kopo la gesi, lakini siwezi kuiacha. Ni ya maji, unaipaka kwa brashi, mvua inyeshe isinyeshe. Iache siku nzima ikauke kabisa. Visanamu vya plastiki laini inayopindika vipake hii tu: praima nyingi za kopo hubaki zikinata juu yake, na kunata huko hakuishi. Spreyi za kung'aa za fanicha na mageti usinunue kabisa.

Sasa hali ya hewa, ambayo hapa kwetu ina nguvu kuliko jina la kopo. Mwaka mmoja mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imekatika tu, nilipuliza visanamu 12 uani Kirumba, na vyote vikatoka na ukungu mweupe. Thina na gesi vinapokauka hupoza uso wa kisanamu, na unyevu wa hewani hutua ndani ya rangi mbichi. Iliniuma sana, ilikuwa kazi ya wiki mbili ya kukata na kugundisha. Tangu hapo, masika na vuli nasubiri siku kavu, napuliza kama saa 4 asubuhi: umande umekwisha na upepo wa ziwani haujashika kasi. Ukichelewa hadi alasiri, rangi inakauka kabla ya kufika na kuacha chembechembe kama mchanga.

Tikisa kopo dakika 2 nzima baada ya gololi iliyo ndani kuanza kulia. Simama sentimita 20 hadi 30, nje au penye hewa, mbali na jiko, ukiwa na barakoa. Piga mikono miwili myepesi. Mmoja mzito hutiririka.

Rangi? Kijivu kama ndiyo unaanza. Nyeusi kwa mavazi ya chuma.

Ukimaliza, funika visanamu kwa ndoo iliyoinuliwa kidogo kwa vijiti. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu kama moshi wakishatua kwenye praima mbichi, hawatoki bila kuibandua.