Mihadhara ya bure ya mchana kuhusu historia ya Dar es Salaam: ni mizuri, ila wazee wapewe muda zaidi

Kwa wiki tano sasa, kila Alhamisi mchana, nimekuwa nikitoka ofisini Posta na kutembea hadi ukumbi mmoja mdogo ulio jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja, ambako wakazi wa maeneo yale wameanzisha mihadhara ya historia ya jiji letu. Hakuna kiingilio wala kujiandikisha. Mhadhara huanza saa saba na robo, ili waliokwenda kuswali adhuhuri nao wawahi, na humalizika saa nane kasoro dakika kumi. Chakula kinaliwa barazani kabla ya kuingia. Ndani hupitishwa kahawa chungu na kashata, navyo ni bure.

Mzungumzaji ni mwalimu mstaafu wa historia ambaye hasomi karatasi. Anaanzia pale msikilizaji alipokaa. Siku ya kwanza alituuliza kwa nini uwanja mkubwa kiasi kile umeachwa wazi katikati ya jiji lenye bei kubwa ya ardhi, kisha akatueleza jinsi watawala wa Kijerumani, na baada yao Waingereza, walivyougawa mji katika kanda tatu, yaani Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na jinsi eneo la Mnazi Mmoja lilivyoachwa bila majengo ili kumtenga Mwafrika na wengine kwa kisingizio cha kuzuia maradhi. Nimepita hapo kwa miaka kumi na mbili nikienda kupanda daladala, na sikuwahi kujua kwamba ninavuka mpaka.

Mhadhara ulionigusa zaidi ni ule wa Kariakoo. Wengi wetu tunajua kwamba jina hilo lilitokana na kikosi cha wapagazi, *Carrier Corps*, ambacho Waingereza walikiweka pale baada ya kuuteka mji Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Lakini mwalimu hakuishia kwenye jina. Alitukumbusha sanamu ya Askari pale Barabara ya Samora, iliyowekwa mwaka 1927, ambayo maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha akauliza ni nani kati yetu aliyewahi kusimama akayasoma. Watu wawili tu waliinua mikono, na mimi sikuwa mmoja wao. Akaeleza kwamba Nairobi nako kuna Kariokor, kwa sababu ile ile ya wapagazi wa vita ile ile. Alipofika kwenye soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, alitufafanulia vizuri sana kwamba ile miavuli ya zege juu ya paa haikuwa pambo, bali ilibuniwa ikinge maji ya mvua na kuyapeleka kwenye matangi yaliyo chini. Baada ya moto ulioliunguza soko hilo Julai 2021, maelezo ya namna hii yana uzito wa pekee kwa sisi tunaonunua mahitaji yetu pale.

Dosari za kawaida zipo na hazinisumbui sana: feni zinapiga kelele, viti havitoshi, na aliyechelewa husimama mlangoni.

Dosari inayonisumbua ni ya muda, na nitaieleza kwa mfano. Katika mhadhara wa nne, mwalimu alichora kwa chaki sakafuni ramani ya nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, baraza mbele na uani nyuma, akitaka kuonyesha jinsi familia za wapangaji zilivyoishi Kariakoo wakati wa kudai uhuru. Kisha akaingia kwenye kuanzishwa kwa TANU, chama kilichoongoza kudai uhuru, tarehe 7 Julai 1954, akataja viongozi, wote wanaume. Bibi mmoja aliyekaa safu ya mbele, amejitanda khanga, akanyoosha fimbo yake hadi kwenye mchoro, akagonga pale uani mara mbili, akasema, "Mwalimu, siasa ilikuwa hapa." Akaanza kueleza jinsi akina mama walivyokutana uani kupanga ngoma, na jinsi Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kabla ya kuwa kiongozi wa akina mama wa TANU, alivyotumia vikundi hivyo kuwafikia wanawake nyumba kwa nyumba. Ukumbi wote ulinyamaza. Baada ya dakika mbili mratibu akatazama saa, akamshukuru bibi, akafunga kikao.

Sikuona dharau katika tendo lile, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha kweli. Lakini hakuna aliyekuwa akirekodi, wala hakuna aliyechukua mawasiliano ya bibi yule ili arudi kwake. Aliyoyasema mwalimu mengi yamekwisha kuandikwa, ingawa kwa sehemu kubwa ni kwa Kiingereza na Kijerumani, na kuyasikia kwa Kiswahili fasaha ni neema. Ya bibi hayakuandikwa popote ninapopajua. Ninawaomba waandaaji, kwa heshima zote, wapunguze mhadhara uwe dakika ishirini, wasikilizaji wapewe zilizobaki, na simu moja iwekwe mezani irekodi kila neno kwa ridhaa ya msemaji.

Hata kwa mpangilio wa sasa, nawashauri wafanyakazi wa katikati ya jiji na wakazi wa Kariakoo, Upanga na Ilala waende, tena wafike mapema ili wapate viti. Mimi siku ile nilibaki barazani na bibi yule hadi saa tisa kasorobo, nikachelewa kazini, naye alikuwa bado hajamaliza kunionyesha kwa fimbo kila chumba alilala nani.

Alhamisi ijayo mada ni eneo la Gerezani, jirani na Kariakoo. Mama yangu mkubwa alizaliwa huko, nami nimekwisha kumwomba aje. Nitakaa naye safu ya mbele, na simu yangu itakuwa na chaji.