Uzoefu wangu: kusuguliwa nongo kwenye hamamu ya mtaani, Busan

Nipo Busan, Korea Kusini, tangu mwisho wa Agosti, kwa muhula mmoja wa programu ya kubadilishana wanafunzi. Tarehe 9 Oktoba huku ni Siku ya Hangul, sikukuu ya kuenzi alfabeti ya Kikorea aliyoitangaza Mfalme Sejong mwaka 1446, kwa hiyo vipindi hakuna. Wenzangu wa bwenini walikwenda ufukwe wa Haeundae. Mimi nimekulia Tanga, bahari ninayo nyumbani. Nilichokuwa nakitamani ni kuoga kama wanavyooga wenyeji.

Nikapanda metro, Laini ya 1, hadi Oncheonjang. Jina la mahali lenyewe linakwambia: "oncheon" ni chemchemi ya maji moto, na watu wamekuwa wakija kuoga hapa Dongnae, wilaya ya Busan ilipo Oncheonjang, tangu enzi za ufalme wa Silla, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wenyeji wana hadithi ya bibi kizee mwenye mguu mbovu aliyemwona korongo anayechechemea akitumbukiza mguu wake majini. Baada ya siku chache korongo akaruka mzima. Bibi naye akajaribu, akapona.

Zipo sehemu kubwa za kitalii, ila mimi nilitaka "mogyoktang", hamamu ya kawaida ya mtaani. Utaitambua kwa bomba refu la moshi juu ya paa na ile alama ya mistari mitatu ya mvuke inayopanda kutoka kwenye bakuli. Mlangoni nililipa won 8,000. Nikapewa ufunguo wenye mpira wa kuvaa mkononi na taulo mbili ndogo sana, kama zile za kufutia uso. Viatu unavifungia kwenye kijikabati chake pale pale.

Sasa jambo ambalo kila mtu ananiuliza: ndiyo, unavua zote. Wanaume wana upande wao, wanawake wao, na kwenye mabwawa haiingii nguo hata kitambaa. Nilisimama mbele ya kabati langu dakika kumi nzima. Akapita bibi mmoja na kikapu chake cha plastiki chenye shampuu na mswaki, nyuma yake binti yake, nyuma ya binti mjukuu wa miaka kama mitano, wote kama walivyozaliwa, wanazungumza mambo yao. Hakuna aliyenitazama mara mbili. Nikavua.

Utaratibu wake ni huu. Kwanza unakaa kwenye kigoda mbele ya bomba na kujisafisha vizuri kwa sabuni, nywele umezifunga juu, ndipo unaingia majini. Kuna bwawa la vuguvugu, la moto, la moto zaidi, na la baridi linalokata pumzi. Maji ya chemchemi ya moto ya Galanos, kule Amboni kwetu Tanga, yananuka kiberiti; haya hayana harufu, ila ngozi inateleza kama imepakwa kitu. Kaa humo nusu saa kabla ya kusuguliwa, ngozi ilainike. Ukutani niliona mashine yenye duara linalozunguka, watu wanaiegemea inawasugua mgongo. Ni kitu cha huku Busan hasa, na kwa mtu aliyekuja peke yake ni msaada mkubwa.

Huduma ya kusuguliwa inaitwa "seshin", na unalipa kando. Hapa nina lalamiko: bei imeandikwa ndani kabisa, karibu na vitanda, na wanataka taslimu tu. Mimi nilikuwa na kadi. Ikabidi nijifute, nivae, nitoke hadi ATM ya duka la jirani, nirudi. Tangazo moja mlangoni lingetosha. Nililipa won 25,000.

Msuguaji alikuwa mama wa makamo, mikono minene yenye nguvu. Mwanafunzi mwenzangu Mkorea alikuwa amenifundisha nimwite "imo". Maana yake ni dada wa mama, yaani mama mkubwa au mama mdogo. Nilipomwita hivyo alicheka, akapigapiga kitanda cha plastiki, nikapanda. Akanimwagia ndoo ya maji ya moto, akavaa mkononi kile kitambaa cha kijani kinachokwaruza. Wanakiita taulo la Italia kwa sababu malighafi yake ya kwanza ililetwa kutoka Italia, lakini kilibuniwa hapa hapa Busan miaka ya 1960.

Alianza na mkono wa kulia, kutoka kiganjani kwenda begani. Nongo ikaanza kutoka kwa vijiti vya kijivu, kama ufutio unapofuta penseli. Huku wanaiita "ttae". Nilikuwa nimeoga asubuhi ile kwa dodoki! Akinigonga kidogo begani najua nigeuke. Alisugua nyuma ya masikio, kati ya vidole vya miguu, akaninyanyua mkono na kunisugua kwapa kama mtoto. Ndipo nikamkumbuka jirani yetu wa Ngamiani kule Tanga, anayewasugua mabiharusi singo, na jinsi mikono yake inavyokwenda bila haraka. Tangu niagane na mama uwanja wa ndege sikuwa nimeguswa na mtu zaidi ya kupeana mkono. Machozi yalinitoka. Imo akadhani ameniumiza, akapunguza nguvu, akanifuta uso kwa taulo la uvuguvugu na kuliacha hapo juu ya macho yangu mpaka alipomaliza.

Kuhusu maumivu, jifunze neno "salsal", yaani taratibu. Mimi sikulitumia mapema, na miguu niliyokuwa nimeinyoa siku moja kabla iliwasha siku mbili. Usinyoe kabla ya kwenda.

Kwa dada zangu Waislamu, na yeyote ambaye suala la stara halimruhusu: Oncheonjang kuna sehemu ya wazi ya kuloweka miguu, bure kabisa, watu wamekaa na nguo zao. Wazee hukaa hapo na kupiga soga. Nilipita baadaye nikakaa nao.

Nilipotoka nilinunua maziwa ya ndizi baridi, ambayo huku ndiyo kinywaji cha baada ya kuoga. Mkono wangu ulikuwa laini mpaka nikawa naugusagusa kwenye metro. Nitarudi kabla muhula haujaisha, safari hii na taslimu mfukoni. Dukani nimenunua vitambaa vya kijani vitatu: kimoja changu, kimoja cha mama, na kimoja cha jirani yetu wa Ngamiani.