Super VC10 ya East African: plastiki safi, stika balaa, muuzaji ndiyo usiseme

Nyota moja. Wenye haraka mnaweza kuishia hapo.

Wenye muda nisikilizeni, maana hasira bado ninayo. Miaka mingi nimekuwa naunganisha ndege za plastiki hapa Dar: Spitfire, MiG-21 na nyingine za vita ambazo kila duka la mtandaoni linazo. Niliyokuwa naisaka ni Super VC10, ile ndege ya abiria iliyoundwa Uingereza, ya shirika la East African Airways, kipimo cha 1/144, yenye usajili 5H-MMT. 5H ni Tanzania. Wakenya walikuwa na 5Y-ADA, Waganda 5X-UVA na 5X-UVJ, halafu mwanzoni mwa 1970 ikaingia 5H-MOG, ambayo ni VC10 ya mwisho kabisa kutoka kiwandani, ya 54. Ndege tano, shirika moja, nchi tatu, hadi 1977 mambo yalipovunjika na kila mtu akashika njia yake. Mjomba wangu alikuwa fundi wa shirika hilo kule uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, na akija likizo alikuwa hana hadithi nyingine. Kwa hiyo nilipoiona seti hiyo kwenye duka moja la Ulaya, ikiwa na stika za East African na maelezo kwamba stika ni mpya kabisa, sikuuliza bei mara mbili.

Jina la duka silitaji. Sitaki kulitangaza hata kwa ubaya.

Mzigo ulikaa Posta mpaka nikaanza kuusahau, ushuru nikalipa, hayo tumeshayazoea. Nikafungua boksi. Plastiki, wallahi, ni nzuri. Mistari ya mabati imechongwa myembamba, vipande vya mkia vinaingiana bila kulazimishwa, puti nilitumia kidogo tu pale bawa linapokutana na tumbo. Mambo ya vipimo na idadi ya vipande someni kwenye boksi lenyewe.

Sasa njoo kwenye karatasi ya stika. Tangu siku ile ya kwanza niliona zile sehemu zinazotakiwa kuwa angavu zina unjano. Nikapiga picha hapo hapo, karatasi mkononi, boksi mezani. Ikumbukeni hiyo picha. Sikushtuka sana kwa sababu unjano una dawa yake: unaibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha, uso wake ukitazama nje, jua linaufyonza taratibu. Na kweli ukatoka. Ndege ilikuwa imeshapigwa nyeupe, juu yake nimepaka vanishi ya kung'aa, maana stika ukiiweka kwenye rangi isiyo na mng'ao hewa inabaki chini yake na inaonekana kwa mbali. Maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, siki kidogo pembeni ya kulainishia, kibano, brashi laini. Hakuna kitu kilichorukwa.

Nikakata kipande chenye 5H-MMT nikakizamisha. Baada ya muda mfupi stika ikaanza kuteleza juu ya karatasi yake, vizuri tu, nikaanza kuisukuma kwa ncha ya brashi kuelekea mahali pake. 5 ikafika. H ikafika. Kile kistari kikafika. M ya kwanza ikapasuka katikati, ya pili ikajikunja juu ya T, na nilipoigusa na brashi yenye maji ili ijikunjue ikawa chenga. Chenga kabisa, vijivipande vyeusi vidogo kuliko chawa, vingine vimeganda kwenye manyoya ya brashi. Nikachukua ya upande wa pili. Hiyo haikutoka hata kwenye bakuli.

Nikawaandikia. Kwa adabu, nawaapia. Habari za kazi, nimenunua seti hii kwenu, picha hizi hapa, naomba karatasi nyingine na gharama ya posta nitalipa mimi. Jibu likaja haraka, mistari mitatu bila salamu wala pole: stika hazistahimili joto la nchi za tropiki, duka halihusiki na hali ya hewa ya kwa mteja, wateja wa nchi nyingine hawajawahi kulalamika.

Jamani. Joto la kwetu!

Hivi hawa watu wanajua wanauza ndege gani? VC10 ilibuniwa kwa ajili ya joto la kwetu. Ndiyo sababu iko vile ilivyo. BOAC, shirika la ndege la Uingereza la enzi hizo, walitaka ndege itakayoruka kutoka viwanja vya juu, vyenye jua kali na njia fupi, huku Afrika na kule Asia. Embakasi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na jua la mchana linaifanya iwe nyepesi zaidi, bawa linahangaika kubeba na injini zinakosa nguvu. Vickers, waliokuwa wanaiunda, wakaamua bawa libaki tupu, lisining'inizwe injini hata moja, ili flapu za nyuma na vile vibawa vya mbele vipate nafasi ya kutosha. Injini nne zote wakazifunga mkiani. Umbo lote lile mnalolisifia kwenye tangazo la duka lenu limetokana na joto letu. Leo mnakuja kuniambia stika zake zinaogopa Dar?

Na si kuruka tu. Shirika lilipokufa, nne zilizobaki zilinunuliwa zikaishia jeshi la anga la Uingereza, wakazigeuza za kujazia ndege nyingine mafuta angani. 5H-MMT ikawa ZA147. Ndiyo iliyoruka safari ya mwisho kabisa ya VC10 yoyote duniani, Septemba 2013. Ndege imedumu miongo zaidi ya minne hewani, stika zake hazikuvuka bakuli la maji.

Nikawatumia ile picha ya siku ya kwanza, yenye unjano. Unjano uliokuja nao kutoka kwao, kwenye baridi yao. Wakajibu kwamba huenda nimetumia rangi isiyofaa. Rangi gani, wakati stika ya pili imefia majini? Ndiyo, ni rangi ya magari, kwa sababu rangi za modeli zenye tina zinashika moto na posta haizipokei kwenye ndege, kwa hiyo sisi wa huku tunakwenda mitaa ya Gerezani tunanunua mtungi wa sprei. Ukitanguliza praima na kupuliza nyepesi nyepesi, plastiki hailiwi. Baada ya hapo wakanyamaza. Mpaka leo.

Niseme ukweli, hapo nilitaka kuifunga yote kwenye mfuko wa plastiki niitupe juu ya kabati. Kilichoniokoa ni kijana mmoja wa Mwenge anayekata stika za daladala na bajaji. Nilimpelekea vile vipande vya stika vilivyobaki, akavitazama, akasema, "Bro, herufi hizi ndogo, mashine yangu itazitafuna. Lakini ngoja tujaribu kukata matundu badala ya herufi." Akanikatia stensili. Za kwanza zilichanika, akakata tena, akapunguza kasi ya kisu, akakata tena, wateja wa bajaji wamepanga foleni nyuma yangu wananuna. Hela akakataa, kasema nimletee picha ikiisha. Herufi zimetoka kubwa kidogo kuliko zinavyotakiwa. Sijali. Huyo kijana nyota tano, na angekuwa Ulaya anauza ndege, hao wengine wangefunga duka.

Stika zilizobaki nilizipaka vanishi kwanza kabla ya kuzigusa maji, zikashikamana. Maandishi ya EAST AFRICAN yamekaa vizuri na, hapa lazima niwape haki yao waliozichora, rangi zake ni zenyewe. Mjomba alipoyaona alinyamaza kidogo. Kwenye karatasi kulikuwa na 5X-UVA pia, nikamuuliza kama niibadilishe iwe hiyo. Akasema, "Hiyo iache, mpwa wangu." Ilianguka Addis Ababa Aprili 1972, watu 43 wakafa. Nikaiacha.

Uzito: injini zikiwa mkiani, modeli inakaa kwa matako na magurudumu ya mbele yanaelea. Maelekezo yanasema weka uzito puani lakini kiasi walichoandika hakitoshi, msiwaamini. Kabla ya kufunga mwili nendeni Feri mkanunue chubwi za wavuvi, ndogo ndogo, mzipange nyuma ya chumba cha rubani na gundi nyingi, kisha mjaribu kuisimamisha kwanza.

Kwenye kuichakaza tuligombana na Mjomba. Nilikuwa nimesaga mkaa kwenye msasa nikapata unga mzuri, nikaupaka nyuma ya injini na kwenye mzizi wa mkia, kwa sababu zile injini zake za Conway zilikuwa na kelele na moshi na sikutaka ndege ionekane imetoka kiwandani jana. Mjomba akavaa miwani, akaigeuza. "Nani kakuambia tulikuwa tunazirusha chafu? Tulikuwa tunaziosha hizi." Akanionyesha kwa ukucha pale uchafu unapokaa kwa kweli: chini ya tumbo, kuzunguka matundu ya magurudumu, grisi imetoka na upepo umeivuta kwenda nyuma, mistari mifupi. Nikampa hiyo ya tumboni, nikatumia rangi ya mafuta ya kahawia iliyolegezwa kwa tapentaini, nikaivuta na brashi kavu kuelekea mkiani. Mistari ya mabati nikaijaza kijivu tu, si nyeusi, maana ndege ya abiria yenye mistari myeusi inaonekana imechorwa na mtoto. Lakini masizi ya kwenye injini sikuyafuta yote. Yeye alikuwa anaziosha usiku. Mimi yangu ndiyo kwanza imetua kutoka London.

Sasa ninapoitazama hapa mezani naona nyota moja ni uonevu. Plastiki inastahili nne. Umbo limepatikana, lile bawa safi limepatikana, mkia umesimama kama picha. Basi tatu kwa seti nzima. Tatu ni haki.

Nimesoma tena yale majibu yao wakati naandika. "Hali ya hewa ya kwa mteja." Rudisheni kwenye moja.

Ila nikiwa muungwana, aliyetengeneza plastiki si aliyeandika barua pepe, kwa hiyo mbili, na duka sifuri. Ukiwa na roho ngumu na kijana wa stika jirani, nunua. Ukiwa mwepesi wa hasira kama mimi, nunua kwa mtu mwingine, na kabla ya kulipa mwambie akutumie picha ya karatasi ya stika mchana kweupe, si maelezo. Na kama kuna anayejua zinakopatikana stika za 5H-MOG, anitumie linki. Hata ikiwa ni duka lile lile. Nitanunia huku nalipa.